Bagamoyo kwa siku moja: nendeni, ila samaki wenu msimwachie mtu

Nianze na samaki, kwa sababu ndiye aliyeiharibu siku. Kolekole wa kilo mbili na ushei, tumemnunua sokoni asubuhi, macho maangavu, mashavu mekundu ukiyafunua. Tukampeleka kibanda kimoja cha ufukweni saa saba tukaangiwe, pamoja na changu sita. Akaja mezani saa tisa na nusu, mweusi nje, mbichi mfupani.

Kibanda sikitaji. Vinafanana vyote, na kosa lenyewe linaweza kutokea kokote, kwa hiyo afadhali mjue linavyotokea.

Kolekole ni mnene mgongoni. Ukimtia karaini mzima, moto unaunguza ngozi kabla haujafika kwenye uti. Ama umkate vipande vya kukingama, unene wa vidole viwili, ama umchanje ubavu huu na huu mpaka kisu kigonge mfupa. Wetu alipigwa chale tatu za kutilia chumvi tu. Kisha akatumbukizwa na changu wanne kwa mpigo, hawajafutwa hata maji. Hapo mafuta hupoa papo hapo, mapovu yanazimika, samaki anaacha kukaangika anaanza kunyonya mafuta, na ngozi inaganda kwenye chuma. Mpishi akaona wanakawia, akachochea mkaa. Sasa nje kukawa kunaungua, ndani bado.

Na mafuta yalikuwa meusi ti. Mafuta yaliyochoka hutoa moshi mapema na kumtia samaki weusi kabla hajaiva, kwa hiyo rangi haikuambii kitu. Chokonoeni nyuma ya kichwa, penye nyama nene kuliko pote. Ikiachia mfupa na ni nyeupe, kuleni. Iking'ang'ania na ina wekundu, arudi jikoni.

Wetu alirudi. Mpishi hakuinua hata macho: "Kaka, mwenye haraka anakula Chalinze, basi likimpigia honi." Meza za jirani wakacheka. Siku nyingine ningecheka na mimi, maana ni maneno matamu. Siku ile nilikuwa na watoto watatu wanaokula ugali kwa kachumbari.

Kachumbari, nisiwe mwizi wa fadhila, ilikuwa safi kabisa. Kitunguu kimeoshwa kwa chumvi ukali ukatoka, ndimu ya kutosha, pilipili pembeni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muda ule ulikuwa wa Misheni, kituo cha kale cha mapadri Wakatoliki. Ratiba yetu ilikuwa nzuri, na bado naipendekeza. Anzeni Kaole, magofu ya mji wa kale wa bandari, kama kilomita 5 kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijakolea, maana kivuli ni cha kuhesabu. Mwenye bajaji mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, la sivyo mtarudi kwa miguu. Pale kuna gofu la msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Angalieni vishimo kwenye nguzo: ndimo zilimopachikwa bakuli za Kichina. Watoto watauliza, bandari gani hii haina bahari? Bahari ipo, nyuma ya mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikashika, majahazi yakashindwa kusogea, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwongozaji wetu alilieleza hilo kwa kijiti mchangani, dakika tano, na mtoto wa miaka saba akaelewa. Huyo mpeni chochote anachotaka.

Mjini mnatembea tu. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Nusu yake inabomoka na inasikitisha, lakini saa moja na nusu inatosha.

Misheni ndiyo inayotaka muda. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza hapo 1868. Pana mnara wa kanisa ambamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara, kisha ukavushwa Zanzibar. Pana makumbusho. Tulifika yamefungwa. Tulichowahi ni ule mbuyu uliomeza mnyororo. Wanangu walikuwa wameahidiwa mnyororo huo tangu Bunju, wakaupapasa kipande kidogo kilichobaki nje ya gamba, ikawa basi.

Nilitaka kuandika kwamba Bagamoyo haifai kwa familia. Nafuta. Nilitaka pia kuandika msile ufukweni. Hilo nalo nalifuta nusu: kuleni, ila mpangilie hivi. Nunueni samaki asubuhi boti zikiingia, kabla ya Kaole, mkiwa na ndoo ya barafu yenu. Kama ni jodari au nguru, barafu si hiari: akikaa juani, anayemla huwashwa mdomo na kuiva uso, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Apaliwe magamba na akatwe vipande palepale sokoni mbele ya macho yenu. Mpishi mpeni saa nne, mwambieni mtakula saa saba. Asikaange zaidi ya vipande vinne kwa wakati. Na mkilisogelea karai mkaona mafuta ni meusi hata chini hakuonekani, ombeni achomewe mkaani. Kuchoma hakufichi kitu.

Bei ya kukaangiwa pia mpatane yote kabla ya moto kuwashwa. Sisi tulipatana elfu mbili kwa kolekole na mia tano kwa kila changu, jumla elfu tano. Hesabu ilipokuja ilikuwa na elfu sita ya mafuta (mafuta yale!), elfu tatu ya mkaa, na elfu tano ya meza. Nikauliza, ya meza tena? Nikajibiwa, si mmekaa. Meza yenyewe mguu mmoja umeegeshwa kwa kifuu cha nazi.