Pawabenki ya sola mlimani: mbega wapo, mbege ipo, jua ndo halipo

Wadau kuna mtu alikuwa ananiuliza kama hizi pawabenki zenye sola mgongoni zinafaa kwa kupanda mlima, nikamwambia subiri nikitoka Kili nitakupa jibu. Haya nimetoka. Yangu ni ile ya 20,000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), nyeusi, ina tochi na kindoano cha kuning'inizia, nilichukua Kariakoo elfu 55 na muuzaji akaapa kabisa "bosi hii umeme husumbuki nao tena, jua tu". Jina lake siweki maana zipo kibao zimefanana kama mapacha, stika tu ndo inabadilika.

Safari ilikuwa njia ya Marangu siku tatu, kileleni hatukwenda, tunalala Mandara (mita 2,720), kesho yake Horombo (3,720) halafu tunageuza. Siku ya kwanza nimeitundika mgongoni kwenye begi najiona mjanja wa mjini, kumbe toka getini mpaka Mandara ni msitu mwanzo mwisho, miti imeota ndevu, ukungu, matone yanakudondokea shingoni, na mbega huko juu wanakuchungulia kama wanajua umepigwa. Jua nililiona kwa vipande vipande. Chaji iliyoingia sifuri.

Siku ya pili ukishatoka msituni kuna uwazi, jua la kutosha, nikasema leo ndo leo. Taa za chaji hazikupanda hata moja, ila pawabenki yenyewe ikawa ya moto kama pasi, na hapo ndo tatizo jingine, betri ya lithiamu haipendi joto na hawa jamaa wameibandika nyuma ya sola kabisa. Jioni nikapiga hesabu ambayo ningepiga dukani ningeokoa hela. Betri hiyo ni kama wati-saa 74, kisola cha ukubwa wa kiganja kinatoa wati moja na nusu hivi kikijitahidi sana, sasa gawanya, unahitaji saa kama 50 za jua la utosini bila wingu ndo ijae, na hapo hujatoa kinachopotea njiani. Yaani nilipandisha pambo.

Ila tuwe wakweli, ukiisahau sola, kama pawabenki ya kawaida iko poa. Niliijaza kwa umeme wa ukutani kabla ya kutoka Moshi, simu yangu ya 5,000 mAh ikajaa mara tatu na chenji. Msije mkalalamika mbona si mara nne, ile 20,000 ni ya volti 3.7 za ndani, ikipandishwa kwenda volti 5 za USB lazima kuna kinacholiwa. Usiku nililala nayo ndani ya slipingi begi pamoja na simu. Jamaa yetu mmoja simu yake aliiacha dirishani Horombo, asubuhi imezima na ilikuwa na asilimia 30, akaibana kwapani kidogo ikafufuka. Baridi hiyo.

Kwa hiyo nunua ya kawaida isiyo na sola, nafuu na haichemki. Ukitaka jua kweli tafuta paneli ya kukunja ya wati 20 na kitu, utandaze kambini, sio kutembea nayo mgongoni.

Tuliposhuka tukapitia mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, pale Marangu, na hii nayo naipa maksi zote. Tulikuwa na mshkaji mnywaji wa zile bia za krafti za mjini, njia nzima anatuhubiria hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), sasa kapewa kata yake kapiga funda akauliza huu uchungu mmeweka nini. Babu akacheka, akamwambia ni msesewe, gome la mti, ndizi zimechemshwa wee halafu ndo ule uji wa kimea cha ulezi ukachanganywa humo. Nzito, ina uchachu, unakunywa kama unakula. Nilitaka kubeba dumu nipeleke Dar babu akakataa, eti ikifika huko itakuwa siki.

Wakati tunakunywa nikaitandaza pawabenki kwenye majani maana jua lilikuwa linawaka sasa, katoto kamoja kakaja kakaikodolea macho weee, halafu kakaniuliza, "Anko, hiyo kalkuleta mbona haina namba?"