Duka la dawa la Ngara ambapo mfamasia huuliza kwanza

Nawapa nyota nne, na zote ni za mfamasia wa zamu ya mchana. Duka liko Ngara, Nairobi, karibu na steji ya Fig Tree.

Shangazi yangu alivunjika mkono, hospitali ikamwandikia tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya miligramu 50, kutwa mara tatu. Kwingine wangehesabu vidonge na kukuambia utume M-Pesa. Huyu dada aliisoma karatasi, akamgeukia mgonjwa mwenyewe.

“Mama, kuna dawa zingine unazomeza?”

“Za presha na sukari tu, daktari.”

“Na usiku, ukienda kulala?”

Ndipo shangazi akafungua mkoba, akatoa bahasha zake za kaki. Moja ilikuwa ya amitriptilini, anayopewa kwa sababu miguu inamwaka moto. Nyingine ya Piritoni, ya kuwashwa ngozi. Mfamasia akazipanga kwenye kaunta na kutueleza bila haraka. Tramadoli na amitriptilini zote huongeza serotonini, kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Zikikutana, mtu anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuchanganyikiwa, moyo ukamwenda mbio. Tena kila moja inaweza kuleta kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Ukiongeza Piritoni, usingizi unakuwa mzito, na kwa mtu wa umri wake pumzi inaweza kupungua mno. Zinazomtisha zaidi, alisema, ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na pombe: hizo pamoja na tramadoli au ndugu zake kodeini na mofini zimeua watu wakiwa wamelala. Nikauliza kama basi atupe diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu. Akakataa hiyo pia, maana mwenye presha na sukari inaweza kumharibia figo.

Akampigia simu daktari aliyeandika, tukiwa papo hapo. Wakakubaliana tramadoli iondolewe, ameze parasetamoli kwa saa zilizopangwa, na maumivu yakizidi arudi kliniki. Amitriptilini aendelee nayo, asiikatize ghafla. Duka likapoteza mauzo ya tramadoli, likabaki na ya parasetamoli ya bei ndogo, na dada hakuonyesha kujali hata kidogo. Kwa hilo namheshimu sana.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya viti. Benchi ni moja, lilikuwa limejaa, na shangazi alisimama muda huo wote mkono ukiwa umefungwa shingoni. Wenye duka, tafadhali ongezeni viti. Wanafunga saa moja jioni, Jumapili hawafungui.