Nilijitetea: raia wa Kondele na afisa mwenye bunduki

Maneno ni yale yale, "nilikuwa najitetea." Yakitoka kwa mwendesha boda wa Kondele, Kisumu, aliyemjeruhi mwizi usiku, anashikwa kwanza, anavuliwa mshipi na viatu, kisha analala seli akingoja kortini. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamruhusu kujitetea, lakini hayo ni ya hakimu baadaye.

Afisa naye, Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamtaka ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na risasi itumike tu njia nyepesi zikishindikana. Mtu akifa au akiumia vibaya, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, lazima iarifiwe. Kwenye karatasi, basi, afisa ndiye amebanwa zaidi! Ila ripoti ya kwanza huandikwa na wenzake, kwenye OB, daftari la matukio la kituo chake.

Nyalenda, Kisumu, Agosti 2017, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba yao akafa. Alikuwa akimtishia nani? Uchunguzi wa mahakama uliwalaumu polisi 2019. Uamuzi wa kuwashtaki maafisa ukaja 2022. Yule wa boda angengoja miaka mitano nje?