Darubini ya 8x42 kwa mdiria na cherero, inafaa?

Hii inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ni milimita 42. Nimeipima kwa ndege wawili wanaokaribiana ukubwa, mdiria malakaiti wa sm 13 hivi na cherero wa Fischer, yule kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania, kama sm 14.

Mdiria ndo mtihani wenyewe jamani. Katulia zake kwenye tete juu ya maji afu ghafla kashapiga mbizi, karudi na kisamaki, yaani kama darubini yako inaona eneo dogo utaishia kuangalia majani tu. Hii inaona pana kwa hiyo unamnasa haraka, na hata mdomo unaujua kama mwekundu (mkubwa huyo) au mweusi bado, yaani ni kinda. Ila jioni mwanga ukipungua ile buluu yake inakua kijivu kijivu, hapo imenikera.

Cherero rahisi, wanakaa kundi na makelele yao unayasikia kabla hujawaona, wakishuka kula mbegu unawaangalia bila presha. Lile duara jeupe kuzunguka jicho linaonekana safi kabisa. Shida wakiingia kwenye majani mabichi, kijani juu ya kijani, tafuta kichwa cha rangi ya machungwa.

Mkanda mwembamba, unakata shingo, badilisha mapema. Za kukuza mara 10 kwa mdiria sishauri, mkono ukitikisika kidogo tu umempoteza, kwa cherero waliotulia sawa chukua.