Kukwea Hell's Gate: Tathmini ya Miamba Iliyo Jirani na Nairobi

Mkenya akiulizwa mahali pa kukwea miamba, mara nyingi jibu lake la kwanza huwa Mlima Kenya, na hana kosa, kwa kuwa vilele vya Batian na Nelion, vyote viwili vikiwa vimepita mita 5,000, havifikiwi na mtu asiyejua kutumia kamba. Hata hivyo mlima huo hudai siku kadhaa za kuzoea hewa hafifu, mavazi ya baridi, wapagazi, na fedha ambazo kijana anayeishi kwa mshahara wa mwezi hawezi kuzitoa kila anaposhikwa na hamu ya kukwea. Ninachokipima hapa ni kitu kingine: Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, mahali ambapo mtu anaweza kutoka nyumbani alfajiri, akakwea hadi mikono ikachoka, kisha akalala kitandani mwake usiku uleule. Nitaipima kwa jicho la mkweaji, si la mtalii aliyekuja kupiga picha za twiga, ingawa twiga wapo na hawaombi ruhusa ya kukatiza njia.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68.25. Ni ndogo ikilinganishwa na mbuga nyingi za Kenya, na udogo huo ni faida kwa mkweaji kwa sababu miamba mikubwa iko karibu na lango. Ni mojawapo pia ya hifadhi chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli badala ya kufungiwa ndani ya gari. Kutoka mjini Naivasha, matatu za kuelekea Kongoni hupita Barabara ya Moi South Lake na kumshusha abiria kwenye njia panda ya hifadhi. Hapo baiskeli hukodishwa, na kipande kilichosalia hadi Lango la Elsa si kirefu. Ubora wa baiskeli hizo hutofautiana sana, kwa hiyo breki na mnyororo vikaguliwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki, na ni vyema kuilipa kabla ya kuondoka nyumbani.

Baada ya lango, barabara humfikisha mgeni kwenye Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 25 iliyosimama peke yake kando ya njia. Nguzo hiyo ni masalia ya volkano: mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo la mlima, kisha mvua na upepo wa maelfu ya miaka vikaondoa tabaka laini la pembeni na kuacha kiini kigumu. Hapa ndipo waelekezi wa ukweaji husubiri wageni, wakiwa na kamba, mikanda ya kiunoni na mapajani, kofia ngumu na viatu vya mpira. Utaratibu wao ni kamba kupitishwa kwenye nanga, yaani kishikizo imara kilichofungwa kwenye mwamba, iliyo kileleni, ncha moja ikafungwa kwenye mkanda wa mkweaji, na upande wa pili ukashikwa na mwelekezi aliye chini, ambaye huivuta kadiri mkweaji anavyopanda. Anayeteleza hubaki akining'inia palepale, akacheka au akalia kwa kadiri ya moyo wake, kisha akaendelea.

Kwa anayeanza, huduma hii ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Waelekezi huujua mwamba kiasi kwamba hukitaja kishikio kabla mkono haujakifikia, na subira yao kwa mtoto au mzee aliyeganda nusu ya njia ni ya kupigiwa mfano. Kasoro ninayoiona ni wingi wa maelekezo. Raha ya ukweaji ni kulisoma jiwe mwenyewe, kujaribu mguu hapa, kuukosa, kuuhamisha pale, na mtu anayeelekezwa kila hatua hufika juu akiwa ametii tu. Mgeni anayetaka kujifunza afadhali aombe mapema aachwe atafute njia mwenyewe, asaidiwe pale tu atakapoomba. Bei nayo iafikiwe kabla ya kufunga mkanda, na mkanda wenyewe utazamwe kwa makini: mishono iliyochanika, kitambaa kilichopauka kwa jua na kofia yenye ufa ni sababu za kutosha za kuomba kifaa kingine, na mwelekezi anayeipenda kazi yake hatachukizwa na ombi hilo. Chakula kisiachwe chini ya mnara, kwa maana pimbi wanaoishi kwenye nyufa zake wamezoea watu.

Wageni wengi huishia hapo, wakapiga picha na kuendelea na baiskeli zao. Wanakosa sehemu iliyo bora zaidi. Kuta ndefu zilizosimama pande zote mbili za bonde ndizo zinazoipa Hell's Gate heshima miongoni mwa wakweaji. Lava ilipopoa ilipasuka ikawa nguzo zilizosimama wima, na baina ya nguzo hizo zimeachwa nyufa ambazo baadhi hupanda makumi ya mita bila kukatika. Kukwea nyufa ni elimu tofauti na ile ya kushika vishikio vya plastiki kwenye kuta za ndani ya jumba. Mkweaji huingiza vidole, au kiganja kizima, au ngumi, kisha huukaza mkono ndani ya jiwe mpaka uweze kubeba uzito wake. Mguu nao huingizwa kwa ubapa na kusokotwa. Mtu asiyefunga viganja vyake kwa utepe hurudi nyumbani akiwa na ngozi iliyochunika, jambo ambalo baadhi yetu hulionyesha kazini siku ya Jumatatu kwa majivuno yasiyofichika.

Kuta hizi si za wanaoanza, na ni lazima jambo hilo lielezwe waziwazi kwa sababu ukaribu wake na barabara hudanganya. Njia zake kwa kawaida hukwewa kwa mtindo wa kale, ambapo mkweaji wa mbele hupanda akichomeka kabari za chuma na vyuma vyenye taya za springi ndani ya ufa, akavipitishia kamba, na mwenzake anayefuata nyuma huvichomoa. Kifaa kilichochomekwa vibaya hakishiki, na hapana mwelekezi wa kumpigia kelele kutoka chini. Nyingi ni ndefu kiasi cha kukwewa kwa awamu, na mwamba wenyewe, ingawa katikati ya ukuta ni imara na unashika vizuri, sehemu nyingine hasa karibu na ukingo wa juu una mawe yaliyolegea na majani yanayoteleza. Kofia ivaliwe hata na anayekaa chini kula. Anayetaka kufika huko bila uzoefu atafute kwanza wakweaji waliokomaa. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ujuzi wa miamba ya nchi hii, na wanachama wake wameikwea Hell's Gate kwa vizazi kadhaa.

Jambo jingine ambalo mkweaji hawezi kulipuuza ni ndege. Tumbusi wa Rüppell hujenga viota kwenye magenge ya kuta hizi, na mbayuwayu hupita karibu na sikio kwa kasi ya kushtua. Ndege anayeatamia akifukuzwa kiotani, yai au kinda lake hubaki wazi kwa jua na kwa wezi, na tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu. Kwa hiyo askari wa hifadhi akisema sehemu fulani isikwewe, mjadala uishe hapo. Nimewasikia wakweaji wakinung'unika kwamba ukuta ni mpana na ndege wanaweza kuhama. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa anayeweza kuhamia njia nyingine kwa urahisi ni sisi.

Sasa nije kwenye fahari, maana huwezi kukaa na wakweaji wa Nairobi na Naivasha bila kukutana nayo. Wapo wanaoapa kwamba ukuta huu haupatikani kwingine kokote duniani, na wapo, kinyume chao, wanaouona kama uwanja wa mazoezi tu kabla mtu hajapata viza ya kwenda kukwea kwa watu. Wote wawili wanaupima kwa kipimo kisichoufaa. El Capitan ya Yosemite, nchini Marekani, ina takriban mita 900 za graniti, na hakuna ukuta wa Hell's Gate unaoweza kushindana nayo kwa kimo. Lakini Fontainebleau, msitu ulio kilomita 60 hivi kutoka Paris, ambao wakweaji wa nchi nyingi huutaja kwa heshima, umejaa mawe ambayo mengi yake hayafiki hata mita tano. Sifa yake haikutokana na ukubwa. Ilitokana na wenyeji wa Paris ambao tangu mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wakienda huko siku za mapumziko, wakayarudia mawe yaleyale hadi wakayajua kama viganja vyao. Ukingo wa Stanage, kule Uingereza, ambao watu wa Sheffield huusifu bila kuchoka, kwa sehemu kubwa ni mfupi kuliko Mnara wa Fischer.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo Hell's Gate inapostahili alama za juu kabisa. Mwamba ulio mbali huonekana mara moja, na mara hiyo moja hutawaliwa na hali ya hewa, uchovu wa safari na hofu ya kupoteza nauli. Mwamba ulio karibu hurudiwa. Njia iliyomshinda mtu mwezi Januari humngoja hadi Machi, na anaporejea huwa amefikiria mahali pa kuweka mguu wa kushoto akiwa kwenye foleni ya magari ya Waiyaki Way. Fahari inayotokana na kurudi namna hiyo naiamini kuliko ile ya mabango ya utalii, au ile ya waelekezi wanaoanza maelezo yao kwa filamu zilizopigwa picha hapa. Ningependa kusikia kwanza habari za mawe.

Hata habari za majina zina utamu wake. Gustav Fischer alikuwa mvumbuzi Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, akazuiwa na Wamaasai asiendelee. Wamaasai wenyewe husimulia kwamba mnara huo ni binti aliyegeuka jiwe kwa kuwa aliangalia nyuma siku ya kuolewa ilhali alikatazwa. Hivyo jiwe moja linabeba jina la mtu aliyerudishwa njiani na hadithi ya msichana aliyebaki, na mwelekezi aliyezaliwa karibu na ziwa hulikwea kila siku ya kazi bila kuulizwa lipi analipenda zaidi.

Wanaolalamikia mitambo ya Olkaria nawaelewa kidogo tu. Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi ulianza kazi mwaka 1981, kabla hifadhi haijatangazwa, na leo mabomba na mawingu ya mvuke huonekana kadiri mtu anavyosonga ndani. Mandhari yameharibika kiasi, hilo ni kweli. Hata hivyo joto linalozungusha mashine hizo ni la bonde lilelile la volkano lililoziumba kuta.

Mpinzani wa karibu wa Hell's Gate ni Lukenya, kilima kilicho upande wa Athi River ambacho kiko karibu zaidi na Nairobi. Miamba yake ni ya zamani zaidi, migumu na yenye kukwaruza, na njia zake ni fupi, kwa hiyo anayejifunza kuchomeka vyuma kwa mara ya kwanza ningemwelekeza huko. Lakini huko hakuna ule ukubwa wa bonde unaomfanya mkweaji, akigeuza shingo akiwa juu, asahau kwamba mikono inatetemeka.

Kuhusu starehe sitasema mengi. Jua ni kali na mwinuko wa Naivasha hufanya mtu asilihisi mpaka limeshamuunguza. Maji yabebwe kutoka nje, ya kutosha siku nzima. Jumamosi na Jumapili, hasa shule zinapofungwa, foleni ya Mnara wa Fischer huwa ndefu, na anayeweza kuja katikati ya wiki ataupata mwamba ukiwa mtulivu. Kambi za Naiburta na Ol Dubai zinafaa kwa wanaotaka kuanza mapema kabla kuta hazijapata moto, mradi wajitegemee kwa chakula.

Tahadhari ya mwisho ni ya msimu wa mvua. Wageni wengi huunganisha ukweaji na matembezi ya korongo la Ol Njorowa, ambalo ni zuri na jembamba, na wembamba huo ndio hatari yake: mvua ikinyesha mbali, maji hushuka kwa ghafla na mtu hana pa kukimbilia. Mafuriko ya namna hiyo yaliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya Mlima Longonot, kamba ikunjwe, korongo liachwe, na mnara utazamwe kutoka mbali, kwa kuwa nguzo iliyosimama peke yake bondeni si mahali pa kungojea radi.