Meza ya msonobari na vikapu vya milulu
Chumba chetu cha kulia chakula, hapa mjini Iringa, kina upana wa hatua nne tu, na fedha tulizotenga hazikuzidi shilingi 250,000. Kwa hiyo, badala ya meza ya mninga, tulimwendea fundi seremala mmoja akatutengenezea ya mbao za msonobari, zile zinazotoka Mufindi, yenye ubao wa pembeni uliofungwa bawaba ili ukunjwe watu wakishakula. Kazi yake ni safi. Pembe zimepigwa msasa hata kitambaa hakinasi. Hata hivyo mbao hazikuwa zimekauka vizuri, kwani kufikia mwezi wa pili ubao wa katikati ulikuwa umepinda kiasi cha kikombe cha chai kuyumba, naye alikuja kuurekebisha baada ya kupigiwa simu mara tatu. Kilichotupendeza zaidi ni vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu, ambavyo husukwa na akina mama wa Kihehe. Tulinunua vitatu sokoni, tukavitundika ukutani badala ya picha, na harufu yake ya majani makavu bado inasikika asubuhi. Safari nyingine mbao nitazinunua mwenyewe, nizianike kivulini kabla ya kumpelekea fundi.