Kitabu gani cha kutambua tai na mwewe ununue kwanza, kwa sisi wa Nakuru, Kisumu na Kakamega

Kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue kitabu gani cha ndege wawindaji, manake amechoka kuona kitu kinaelea juu ya kreta ya Menengai na jibu lake ni "ni tai" basi. Ntapanga vile naona mimi, kutoka ile ya kununua kwanza hadi ile ya kuacha dukani. Lakini kabla ya majina shika hii: usihesabu kitabu kina ndege wangapi. Angalia kinamuonyesha ndege akiruka ama amekaa tu kwa tawi, na kama kinakuonyesha mchanga wake, yaani yule hajakomaa. Tai hakungojei, unampata akiwa juu, jua liko nyuma yake, na una sekunde kumi hivi za kuangalia mabawa na mkia.

Ukiwa dukani fungua ukurasa wa Augur Buzzard (majina yote kwa hivi vitabu ni ya Kizungu, kwa hivyo jifunze hayo ndo upate kitu kwa faharasa). Huyu ndo shakivale wetu wa kila siku, anakaa kwa milingoti ya stima barabara ya Naivasha, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia rangi ya matofali. Sasa kuna wengine kifua na tumbo ni jeusi kabisa na bado ni ndege huyo huyo, na mchanga naye mkia wake si mwekundu, ni wa kahawia. Kitabu kikikupa picha moja tu ya mzee (aliyekomaa) amekaa, rudisha kwa rafu. Kisha angalia Bateleur. Mzee ana mkia mfupi hadi miguu inapita mkia akiruka, lakini mchanga ni kahawia mwili wote na mkia mrefu kiasi, na anakaa miaka kadhaa kabla afanane na mamake, watu wengi huko Maasai Mara wanamkosa hapo.

Jaribio la mwisho ni Tawny Eagle na Steppe Eagle, manake kuanzia Oktoba hadi karibu Machi wote wako hapa, mmoja ni mwenyeji na mwingine ametoka Asia. Angalia pembe ya mdomo, ule mstari wa njano unaoingia usoni: kwa Steppe unafika hadi nyuma ya jicho, kwa Tawny unaishia kama katikati ya jicho. Steppe mchanga akiruka pia ana mkanda mpana mweupe chini ya bawa. Kitabu kisichokwambia hizo mbili hakitakusaidia msimu wa wageni.

Namba moja kwangu ni Birds of East Africa ya Stevenson na Fanshawe, ile toleo la pili la 2020. Si cha tai peke yao, ni cha ndege wote wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ndo sababu nakiweka mbele, manake nusu ya vitu utakavyoshuku ni tai vitakuwa kunguru, korongo ama mwari wamepanda na hewa ya moto. Maelezo na ramani viko ng'ambo ya picha, hufungui huku na kule na upepo unapeperusha kurasa. Ni kizito, zaidi ya kurasa 600, beba kwa begi usijidanganye na mfuko wa koti. Kwa tai picha ni ndogo ndogo, hilo nakubali, lakini kwa mtu anayeanza hakuna kingine ningemwambia.

Namba mbili ni African Raptors ya Clark na Davies, 2018. Hiki ni cha ndege wawindaji wa Afrika tu, na hapo ndo utapata wazee, wachanga na wale wa rangi nyeusi wakiwa wanaruka, na nafasi ya kutosha ya kueleza tofauti. Nikiwa kwa ukingo wa Menengai mara nyingi ndege wako CHINI yangu, naona mgongo na juu ya bawa, na vitabu vingi vinachora tumbo tu. Siku moja asubuhi mmoja alipita chini yangu karibu hadi nikasikia bawa likikata hewa, mgongo wote mweusi na V nyeupe safi katikati, Verreaux's Eagle, na sikuhitaji kuona tumbo. Kwa hivyo popote unapochungulia kabla ya kulipa, tafuta picha za upande wa juu. Kitabu hiki nunua cha pili, usikianze nacho.

Namba tatu ni bure, apu ya kutambua ndege ya Merlin, ya Cornell Lab. Pakua pakiti ya eneo lako ukiwa na wifi, baadaye huhitaji bando. Picha ya tai ya simu ikiwa nukta nyeusi usiitegemee sana, lakini ina sauti za kusikiliza, na kwa msitu wa Kakamega hiyo ni kitu kubwa, Crowned Eagle anapiga kelele juu ya miti muda mrefu kabla umuone. Huko Kisumu hutahitaji hata hiyo, pale Dunga mwewe wanashuka kunyakua matumbo ya samaki mbele yako, angalia mkia ulio na panda na mdomo wa njano.

Namba nne ni Flight Identification of Raptors ya Dick Forsman, 2016. Picha za ndege wakiruka ni za ajabu, lakini kimeandikiwa Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, kwa hivyo kitakusaidia na wageni kama Steppe Eagle na wale vipanga wa nyasi wanaokuja na baridi ya kwao, wenyeji wetu wengi hawamo. Vile vijitabu vya picha vya mfukoni ni zawadi nzuri ya mtoto, kwa tai havitoshi.

Mtumba sawa, lakini neno "common" (ndege wa kuonekana kila mahali) kwa kitabu cha zamani usiliamini. Utafiti uliochapishwa 2022, wa kuhesabu ndege barabarani tangu miaka ya sabini, ulipata aina 19 kati ya 22 za ndege wawindaji walizochunguza Kenya zimepungua, na inaniuma kila nikipita milingoti mitupu.

Na fotokopi hapana. Niliagiza moja kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaletwa na matatu nikaichukua steji, kufungua mkia wa Augur umekuwa pinki iliyofifia na Tawny na Steppe wote rangi ya chai ya maziwa. Sikurudishiwa pesa. Sasa naomba muuzaji anitumie picha ya ukurasa wa Augur kabla nitume chochote, na akikataa nahama.